Kitambaa cha Altare

Jumamosi napiga pasi kitambaa cha altare.
Pasi ya makaa, maana umeme wa Tororo
huja bila hodi na kuondoka bila kwaheri.
Kwanza nakikung'uta. Vumbi la kiwanda cha saruji
halijui kama leo ni Kwaresima,
wala halijui kwamba parokia yetu
imepasuka katikati kama kibuyu.

Padri Oketcho, mwaka wa pili tangu apewe daraja,
anataka altare iutazame ukuta tena.
Tuelekee mashariki sote, anasema,
mchungaji na kundi, kama watu wanaongoja kuche.
Vijana wanampenda. Wana Kilatini ndani ya simu.
Mabinti wamejitanda shela nyeusi za lesi,
shela moja kwa bei ya kuku wawili.
Othieno mpiga ngoma ameibeba ngoma yake nyumbani,
ameisukuma chini ya kitanda.
Ngozi ya ng'ombe wangu, anasema,
haijawahi kumkosea Mungu adabu.

Nami nanyamaza, nanyunyiza maji, napiga pasi.

Baba ndiye aliyeivunja reli ya komunyo.
Kwa nyundo, siku tatu, mwaka ule amri ilipofika
kutoka Roma, ikapita kwa askofu,
ikapita kwa padri Mholanzi aliyeisoma mara mbili
kisha akatoka nje kuvuta kiko.
Baba alikuwa mwashi. Alilipwa, akapewa na mabaki.
Kipande kimoja mama alikifanya jiwe la kusagia,
tukakua kwa ulezi uliosagwa
pale watu walipopigia magoti.

Na mama, Misa ya kwanza kwa Dhopadhola,
alisimama wima katikati ya sala ya toba.
Miaka yote alikuwa amesali rozari yake
huku padri akiunong'oneza ukuta.
"Kumbe," alisema, na kanisa zima likasikia,
"kumbe hata yeye alikuwa anaungama!"
Alikasirika hadi Pasaka.
Si kwa sababu ya lugha mpya.
Kwa sababu hakuna aliyemwambia mapema.

Hayo ningeweza kuyasema kwenye kikao cha jana.
Othieno angenipigia makofi.

Lakini kuna jingine.
Baba sasa ana miaka sabini na minane.
Jina langu, Nyadoi, limemtoka,
jina la mama limemtoka, nyundo haijui.
Mchana ukimuuliza kuhusu Kilatini hutema mate:
"Tulimjibu Mungu kama kasuku,
tukikosea, fimbo."
Lakini saa tisa ya usiku, mvua ikigonga mabati,
namsikia ng'ambo ya pazia,
sauti ya mvulana wa miaka kumi na mmoja:
Et cum spiritu tuo.
Ananyamaza, anangoja, kama kuna mtu upande wa pili
anayesoma sehemu yake.
Kisha anaitikia tena, mahali panapofaa,
hakosei hata neno.
Ngumi yake inagonga kifua, taratibu, mara tatu.

Hilo nalo ningeweza kulisema.
Mabinti wa shela wangelia. Padri angelihubiri.

Sikulisema.
Mwenyekiti aliomba mikono ya wanaotaka igeuzwe,
kisha mikono ya wanaotaka ibaki,
akaniona sijainua.
"Nyadoi, wewe uko wapi?"
Nikasema kitambaa kina mita tatu na nusu,
altare ikigeuzwa, upindo wenye msalaba
utakuwa upande wa ukuta, hakuna atakayeuona,
niambieni mapema niufumue.
Wakacheka. Wakaandika kwamba sikupiga kura.

Makaa yanafifia. Nakunja mara nne,
msalaba ndani, kama mama alivyonifundisha.
Baba ameamka. Anauliza mimi ni nani
na kengele ya kwanza imelia au bado.
Bado, namwambia.
Basi anakaa kitandani, viatu mkononi,
anaitegea sikio.